Ochanomizu: chuo cha wanawake au chuo cha walimu?

Mjadala kuhusu Chuo Kikuu cha Ochanomizu, Tokyo, huchanganya maswali mawili: kibaki cha wanawake peke yao? Na kiendelee kuegemea ualimu? Majibu hayafanani.

Kilianza 1875 kama chuo cha ualimu cha wanawake. Enzi hizo vyuo vikuu vya kifalme karibu vyote viliwafungia wanawake, kwa hiyo msichana aliyetaka kemia alipitia ualimu. Kuroda Chika alikuwa tayari anafundisha hapo alipoingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku mwaka 1913, na 1916 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata shahada ya sayansi. Watetezi humtaja yeye. Wapinzani hujibu kwamba wenzake wengi waliishia kwenye shule za wasichana tu, wakitumikia miaka waliyofungwa nayo kwa kusomeshwa na serikali. Naona wote wana hoja.

Mwaka 1949 upekee wa vyuo vya ualimu katika kuandaa walimu uliondoka. Sheria iliruhusu chuo kikuu chochote chenye kozi zilizoidhinishwa kuandaa walimu, na njia ikawa moja kwa wote: shahada pamoja na masomo ya ualimu, kisha mazoezi ya kufundisha, kwa kawaida wiki 3 au 4 kwa shule ya msingi na sekondari ya chini, 2 kwa sekondari ya juu. Baadaye, kwa ngazi hizo za chini, zikaongezwa siku 7 za kuwahudumia wazee na watu wenye ulemavu. Mwenye leseni ya ualimu bado hana kazi. Ajira ya kudumu katika shule ya umma hupatikana kwa mtihani wa mkoa.

Kilichobaki ni shule za mazoezi zilizo ndani ya eneo la chuo, kuanzia chekechea iliyofunguliwa 1876 hadi sekondari ya juu. Mwanachuo anaweza kutazama watoto wa miaka 4 asubuhi na somo la aljebra mchana bila kupanda treni. Hazina hiyo ina kasoro yake: watoto huchujwa kabla ya kuandikishwa. Andalio la somo lililokwenda dakika 45 bila kukatizwa huvunjika kwenye darasa la kawaida, ambako nguvu nyingi za mwalimu mgeni huishia kwenye nidhamu na kwa waliobaki nyuma. Ni afadhali wiki moja tu ifanyike humo, zilizobaki shule ya umma.

Kuhusu kubaki cha wanawake peke yao, Chuo Kikuu cha Tokyo kinapokea wanawake tangu 1946. Sababu iliyopo leo ni uchache wao katika uhandisi: Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara kilifungua kitivo cha uhandisi 2022, Ochanomizu 2024. Mwaka huohuo wa 2022 Nara kiliwekwa chini ya shirika moja na Chuo Kikuu cha Elimu cha Nara, chenye wanaume na wanawake, kila kimoja kikibaki na jina lake. Maswali mawili, taasisi mbili.

Bajeti ya Ochanomizu ikibana, ningekata kozi za leseni zinazopatikana kila mahali kabla ya kuigusa chekechea.