Umeruka utamu wenyewe

Habari ya galaksi NGC 7479 ni nzuri, ila mwandishi umeruka utamu wenyewe. Umetaja mhimili wa nyota katikati na mikono iliyojipinda, basi. Mbona hukusema kwamba darubini za redio zimeonyesha mikono mingine inayopinda upande wa kinyume kabisa? Wanasayansi wanashuku ni mkondo wa chembe uliofyatuka kutoka kwenye kiini cha galaksi hiyo.

Na ndugu uliyeuliza kama galaksi hiyo inaonekana kwa macho matupu: wapi! Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 100 na ushee. Hata mwanaastronomia William Herschel aliigundua kwa darubini, 1784. Ile supanova yake (mlipuko wa nyota) iliyoonekana 2009 ililipuka enzi za dinosaria; nuru yake ndiyo imechukua muda wote huo kutufikia. Ukiwa na darubini ya maana, hata Dar unaipata, jioni za Oktoba na Novemba, kwenye kundi la nyota la Pegasus.