Mtu Mzima Akisoma Riwaya ya Vijana Hapotezi Muda

Nyumba nyingi za Tabora, iwe Cheyo au Ng'ambo, zikiwa na riwaya yoyote ndani, ni ile iliyonunuliwa kwa ajili ya mtoto wa kidato cha tatu au cha nne. Mtoto anaipigia mistari, anachambua dhamira na wahusika, anafanya mtihani wa taifa, kisha kitabu kinaangukia kwa mdogo wake au kurasa zake zinaishia kufungia karanga. Baba na mama waliotoa fedha hawakukifungua. Ukiwauliza watakujibu kwamba hicho ni kitabu cha wanafunzi. Mimi nasema wanajinyima chakula walichokwisha kukilipia. Riwaya nzuri ya vijana inamfaa mtu wa umri wowote, na ndani yake mna sehemu ambazo kijana hawezi kuziona mpaka naye akue. Ile mbaya haimfai hata kijana mwenyewe.

Tuanze na Takadini ya Ben Hanson, ambayo imepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa sekondari nchini. Sekai, mke wa Makwati, anakaa miaka bila mtoto. Hatimaye anajifungua, na mtoto ana ualbino. Mila za kijiji chao zinataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai anambeba na kutoroka, na anapokelewa kwenye kijiji anakoishi mzee Chivero. Kijana wa miaka 15 akiisoma hadithi hii humfuata Takadini: wenzake wanaomkwepa, muziki anaojifunza, mapenzi yake na Shingai. Hayo ndiyo yanayomgusa, na ni sawa yamguse.

Mtu wa miaka 45 anasoma kitabu kingine kabisa, ingawa maneno ni yale yale. Anamsoma Makwati, mume anayebaki upande wa mila wakati mkewe anaondoka na mtoto. Anamsoma Chivero pia, mzee anayefikiwa na mgeni mwenye mtoto ambaye wanakijiji wanamwogopa, na anayepaswa kuamua kama atawapokea. Kwa msomaji wa huku magharibi uamuzi huo si wa kubuni. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa Kabanga, wilayani Kasulu, ili wawe salama. Kila mmoja wao alitoka kwenye kijiji chenye wazee, mwenyekiti na majirani. Mwanafunzi anayejibu swali la mtihani hahitaji kujiuliza yeye angekuwa nani kati ya hao. Mzazi wake hana pa kulikwepea.

Vivyo hivyo kwa Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo. Mtoto anawasoma Peter na Zita, wanaokosa shule kwa umaskini. Mzazi anamsoma Lomolomo, baba mlevi, na mama anayeibeba nyumba kwa kuuza chakula. Sijui kitabu cha watu wazima kinachomweka baba mlevi mbele ya macho ya wanawe kwa ukaribu kama huo, kwa sababu kinachosimuliwa ni kile watoto wanachokiona na kukosa, bila utetezi wa baba mwenyewe.

Nguvu ya riwaya za vijana iko hapo. Mhusika mkuu kwa kawaida ana miaka kati ya 12 na 18, na hadithi inakwenda naye hatua kwa hatua bila kumsubiri azeeke na kukumbuka. Anafanya jambo kwa mara ya kwanza, hajui litaishia wapi. Msomaji wa rika lake naye hajui, kwa hiyo wanatembea pamoja. Msomaji mzima anajua. Anaona hatari kurasa 30 kabla haijafika, na hawezi kupiga kelele ikasikika ndani ya kitabu. Kusoma ukiwa na ujuzi usioweza kuutumia ni zoezi zuri sana kwa mtu anayelea watoto, maana humkumbusha jinsi dunia inavyoonekana kwa asiyeujua mwisho.

Isitoshe, kuwagawa wasikilizaji wa hadithi kwa umri ni jambo la shule na la wachapishaji. Katika ngano zetu shujaa mara nyingi ni mtoto, tena kitinda mimba anayedharauliwa, na hakuna babu aliyeambiwa aondoke kwenye moto kwa kuwa hadithi ya jioni ile haikuwa ya rika lake. Msimuliaji mwenyewe alikuwa bibi.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Mwaka 2014 Ruth Graham, mwandishi wa Marekani, aliandika katika jarida la mtandaoni la Slate kwamba mtu mzima anapaswa kuona aibu akisoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana. Wasomaji aliowalenga hawakuwa wachache: miaka miwili kabla yake, utafiti wa soko wa kampuni ya Bowker ulikuta kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyokusudiwa kwa wenye miaka 12 hadi 17 walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wengi wao walijinunulia wenyewe. Hoja ya Graham yenye uzito ni ile ya miisho. Alisema riwaya za vijana humaliza kwa namna ya kumridhisha msomaji, alie au ashangilie, wakati maisha ya mtu mzima yamejaa mambo yasiyofungika.

Kuhusu vitabu vingi amesema kweli. Kosa lake ni kuutwisha lawama umri wa walengwa. Hebu fikiria Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Inamhusu msichana wa Ukerewe, baba yake Zakaria anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na maisha yake ya shule baada ya hapo. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, yaani wale waliofanana na Rosa kwa umri ndio waliozuiwa kuisoma. Baadaye ikaja kusomeshwa. Inaishia kwenye kifo, na baba na binti wanashtakiana mbele ya Mungu. Hakuna anayeifunga akiwa ameridhika. Iweke kwenye rafu ya vijana au ya wazee, itabaki na uzito ule ule.

Kinachoharibu riwaya za vijana za Kiswahili ni mawaidha. Kitabu kinachotaka kununuliwa na shule huandikwa kwa kumtazama mwalimu na mzazi, na mwandishi anaingiwa na hofu ya kuacha jambo lolote bila kulitolea onyo. Matokeo yake, kila kosa linaadhibiwa kabla ya ukurasa wa mwisho, na binti ndiye anayeadhibiwa zaidi: mimba, maradhi, au kufukuzwa nyumbani. Mvulana aliyehusika anatoweka katikati ya hadithi na mwandishi hamtafuti tena. Vijana huigundua mbinu hii upesi kuliko wazee.

Ili usinunue kitabu cha namna hiyo, usikipime kwa sura ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo waandishi huihangaikia zaidi. Kifungue katikati, soma kurasa mbili kwa sauti, hata kama umesimama mbele ya muuzaji. Sikiliza mazungumzo. Kama mzee anatoa hotuba ya nusu ukurasa na hakuna anayemkatiza, weka alama mbaya. Kama binti wa miaka 14 anamwambia mwenzake kwamba hatuna budi kujiepusha na vishawishi ili tulijenge taifa, anayesema hapo ni mwandishi. Kisha watazame watu wazima waliomo: je, wana shida zao wenyewe, madeni, wivu, hofu, au wameletwa tu ili kushauri na kukataza? Kipimo hiki cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Mwandishi anayewapa watu wazima wa kitabuni maisha kamili hajawadharau wasomaji wake wa umri wowote. Mwisho soma aya ya kumalizia. Ikianza kueleza funzo, rudisha kitabu mezani.

Ukinunua kwa wauza vitabu wa barabarani, angalia mambo mawili zaidi. La kwanza, hakikisha ni riwaya yenyewe na si kitini cha uchambuzi. Baadhi ya vitini huandikwa jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno "uchambuzi" kwa herufi ndogo chini yake. La pili, fuatisha namba za kurasa. Vitabu hujalidiwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo jalada likilegea kinachochomoka huweza kuwa fungu zima, na utaligundua pengo umeshafika nyumbani. Nakala zilizorudufiwa kinyemela hujulikana kwa wino uliofifia upande mmoja wa ukurasa na maneno yaliyokatwa karibu na mshono.

Kuna sababu ya mwili pia ambayo haitajwi. Kuanzia miaka ya 40 hivi jicho hupoteza wepesi wa kuona maandishi ya karibu. Mtu anajikuta akikisogeza kitabu mbali, kichwa kinamuuma baada ya kurasa tano, na anahitimisha kwamba ameacha kupenda kusoma. Dawa yake ni miwani ya kusomea, mara nyingi ya namba kati ya 1.00 na 2.50, baada ya kupimwa. Vitabu vya vijana vinamsaidia mtu huyu zaidi, kwa kuwa vingi huchapwa kwa herufi kubwa kidogo na nafasi pana kati ya mistari, na sura zake ni fupi. Aliyeacha kusoma tangu alipomaliza shule hawezi kurudi kwa kitabu cha kurasa 400. Atarudi kwa kitabu cha kurasa 120.

Faida kubwa, hata hivyo, huonekana pale kitabu kinaposomwa na watu wa umri tofauti kwa pamoja. Ukurasa wenye maneno kati ya 250 na 300 huchukua karibu dakika tatu kusomwa kwa sauti bila haraka. Kurasa 10 ni nusu saa. Riwaya ya kurasa 120 inakwisha kwa vikao 12, na mkikutana mara mbili kwa wiki ni wiki sita. Msipitishe dakika 40. Acheni mahali pazuri, hata kama sura haijaisha.

Gaweni sauti kinyume. Maneno ya Zakaria asome binti, maneno ya Rosa asome baba. Hili linafanya kazi ambayo nasaha haifanyi: baba analazimika kutamka kwa kinywa chake woga wa msichana, na binti anagundua kwamba ukali wa mzazi una hofu ndani yake. Wengine wataona haya mwanzoni. Ikifika sura ya pili haya zinapungua. Anayesoma kwa kukwama asisahihishwe kila neno. Mwenye kitabu mkononi aachwe amalize sentensi, kisha mmoja aisome tena kwa utulivu.

Vikao hivi hufa kwa njia moja karibu siku zote: mzee anauliza, "Haya, tumejifunza nini hapo?" Kijana anasikia mtihani, anajibu kama kwenye mtihani, na kikao cha tatu haji. Ulizeni maswali ambayo hata muulizaji hana jibu lake. Ungekuwa Chivero, ungempokea? Kwa nini Makwati hakuondoka na mkewe? Nani hapa amesema uongo? Na mzee akitaka kueleza enzi zake, aeleze kikao kikiisha, kwa kuwa katikati atakata uzi wa hadithi.

Kwenye kurasa za mapenzi wengi huruka. Msiruke. Ukiruka, kesho kijana ataufungua ukurasa ule peke yake, na atakuwa amejua kwamba jambo lile halizungumziki nyumbani. Mtu mzima auangalie ukurasa mapema, aamue nani ausome, na usomwe kwa sauti ya kawaida kama kurasa nyingine. Kama kweli unaona kitabu kizima hakifai kusikilizwa na mdogo aliyepo, chagueni kingine kabla ya kuanza, si katikati.

Sitaki kudai riwaya za vijana zinatosha. Hazitoshi. Ndoa ya miaka 30, uzee, majuto yanayomla mtu polepole, mtu aliyeshika madaraka na kuyapoteza: hayo hayamo, au yamo kwa mbali, kwa kuwa mhusika hajayafikia. Lugha yake pia mara nyingi hujizuia. Sentensi ndefu yenye mizunguko na methali zilizofichika utaikuta kwingine. Mtu mzima akimaliza vitabu vitatu au vinne vya namna hii, macho na subira vikirejea, aendelee na riwaya nene bila kuviacha hivi.

Na kwa familia yenye uwezo wa kununua vitabu viwili tu mwaka huu, ushauri wangu ni nakala mbili za kitabu kimoja. Moja mwanafunzi aipigie mistari anavyotaka. Nyingine ibaki safi, ya wazazi, wasiyohitaji kuiomba.