Malkia Wamempokea, Dublin Bado

Wiki yangu ya kwanza kazini katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Castlebar, kaunti ya Mayo, Ayalandi, nilimpelekea mzee mmoja chai ndani ya kikombe cha samawati. Akakitazama, akanitazama mimi, kisha akakisukuma kando. Nikadhani nimezidisha maziwa. Mwenzangu akanivuta shati: "Hiyo ni rangi ya Dublin. Mletee kingine." Mzee huyohuyo ukutani kwake, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na picha ya marehemu mkewe, alikuwa amebandika kipande cha gazeti: Malkia Elizabeth wa Uingereza akicheka na muuza samaki katika soko la Cork.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa Waayalandi, au tuseme ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewaelewa. Nilikuwa nimekaa Dublin miaka minne nikiamini hawa ni watu waliotawaliwa na Mwingereza karne kadhaa, basi chuki yao yote wamemwekea yeye. Kumbe wanayo ya akiba, na ya akiba hiyo sehemu kubwa ni ya jirani.

Mimi ni mtoto wa Changamwe, Mombasa. Baba alitoka Kakamega akaja kufanya kazi bandarini, akaja na dini mbili: Uquaker wake na AFC Leopards. Kwa hiyo nimekulia ndani ya Mashemeji, mechi ya Ingwe, yaani Leopards, na Gor Mahia, ambayo jina lenyewe linaeleza kila kitu: Waluhya na Wajaluo wameoana hadi mtu anayekuzomea uwanjani ndiye atakayekuletea mahari ya dada yako. Nilipoondoka Kenya mwaka 2009, Ingwe ilikuwa haijatwaa ligi tangu 1998. Nikadhani naikimbia aibu. Mwaka 2013 nikahamia Mayo.

Kwa asiyejua: Mayo ilitwaa ubingwa wa Ayalandi wa mpira wa Kigaeli mara ya mwisho mwaka 1951. Tangu 1989 imefika fainali 11 na kuzipoteza zote. Mwaka 2016 ilifungwa na Dublin kwa pointi moja katika mechi ya marudiano. Mwaka 2017 Dublin tena, pointi moja tena. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mabingwa wa 1951 walipokuwa wakirudi na kombe walipita mji wa Foxford wakishangilia, kulikuwa na mazishi, hawakusimama kutoa heshima, padri akawalaani: Mayo haitashinda tena hadi mchezaji wa mwisho wa timu ile afe. Wa mwisho, Paddy Prendergast, alifariki Septemba 2021, wiki mbili hivi baada ya Mayo kupoteza fainali nyingine, safari hii kwa Tyrone. Mimi mtu wa Pwani niliwaambia kazini kwamba laana ya namna hii kwetu ina wataalamu wake na bei inajadiliwa. Hawakucheka sana.

Mchezo wenyewe ni wa watu 15 kila upande, mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba ni moja, na tangu 2025 ukiupitisha kutoka mbali unapata mbili. Lakini si hayo yaliyonishika. Kilichonishika ni kwamba mchezaji halipwi mshahara wala hanunuliwi. Anayewafunga Dublin Jumapili, Jumatatu yuko darasani anafundisha au zizini anakamua ng'ombe. (Kwetu pia wachezaji hawalipwi, ila wao walikuwa wameahidiwa.) Unachezea kaunti yako kwa sababu ni kaunti yako. Kiangazi kikifika, bendera za kijani na nyekundu zinapanda hadi kwenye matingatinga. Hizo ni rangi za bendera ya Kenya, zimekosekana nyeupe na nyeusi tu, na nyeusi naileta mwenyewe.

Na hapa kuna kejeli ambayo Mkenya yeyote ataitambua. Kaunti hizi 32 zilichorwa na utawala wa Kiingereza, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho, Wicklow, mwaka 1606. Lengo lilikuwa kutawala na kuhukumu watu. Shirika la michezo ya Kigaeli, GAA, lilipoundwa Thurles mwaka 1884 ili kufufua michezo ya wenyeji na kuisukuma nje ile ya Mwingereza, likaishia kupanga mashindano yake kwa mipaka ileile ya Mwingereza. Leo mtu wa Mayo na mtu wa Galway wanazomeana kwa ajili ya mstari ambao babu zao hawakuulizwa uchorwe wapi. Nasi na kaunti zetu 47 je? Muulize mtu wa Kisumu na mtu wa Vihiga kuhusu mpaka wa Maseno, kisha kaa chini uagize chai, maana haitakuwa hadithi fupi.

Turudi kwa malkia wa ukutani.

Mei 2011 nilikuwa Dublin, nasafisha ofisi alfajiri. Jiji lilifungwa kama vile kuna vita. Vizuizi kila kona, polisi kila hatua kumi. Waandamanaji walikuwepo, wachache, wakizuiwa mbali. Mfalme wa mwisho wa Uingereza kufika Dublin alikuwa George wa Tano mwaka 1911, na wakati ule alikuwa anatembelea mali yake. Huyu alikuwa anakuja kama mgeni, baada ya miaka 100.

Sasa tazama wenyeji walivyompangia mgeni njia. Ndege ilitua uwanja wa Baldonnel, ambao jina lake rasmi ni Casement. Roger Casement ndiye yule aliyekuwa konseli wa Uingereza akaandika ripoti ya mwaka 1904 iliyofichua ukatili wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika kuvunisha utomvu wa mpira kule Kongo. Baadaye akaigeukia Uingereza kwa ajili ya Ayalandi, na Uingereza ikamnyonga London mwaka 1916. Hapo ndipo Malkia alipokanyaga kwanza. Siku ileile wakampeleka Bustani ya Kumbukumbu, ya waliokufa wakipigania uhuru dhidi ya jeshi la ukoo wake. Akaweka shada la maua, akainamisha kichwa. Kesho yake wakampeleka Croke Park.

Croke Park ndiko fainali zote zinakochezwa, watu zaidi ya 82,000. Tarehe 21 Novemba 1920, asubuhi, watu wa Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru, waliwaua majasusi wa Uingereza majumbani mwao Dublin. Mchana Dublin ilikuwa inacheza na Tipperary. Askari wakaingia na kufyatua risasi katika umati kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 14. Watatu walikuwa watoto, mdogo wao ana miaka 10. Mmoja alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, na jukwaa kubwa la uwanja ule linaitwa Hogan hadi leo. Kila nahodha anayetwaa kombe hulipokelea pale, kwenye jina la mtu aliyepigwa risasi akiwa na jezi. Malkia alitembezwa hapo akaonyeshwa nyasi. Hakuna aliyemzomea, hakuna aliyemhubiria. Uwanja wenyewe ulikuwa unasema.

Wapo waliosusa. Viongozi wa GAA kutoka kaunti kadhaa za kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza, hawakwenda, na siwalaumu. Kwao historia haijafika makumbusho. Crossmaglen jeshi la Uingereza lilijimegea sehemu ya uwanja wa klabu na helikopta zikawa zinatua kando ya magoli. Mwaka 1988 kijana Aidan McAnespie alipita kizuizi cha Aughnacloy akielekea mechini, akauawa kwa risasi ya askari. Hadi 2001 kanuni za GAA bado zilikataza polisi na wanajeshi wa Uingereza wa kaskazini kuwa wanachama. Na msiba haukuwa wa upande mmoja. Mullaghmore, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa, ndiko IRA, kundi la silaha lililotaka kuing'oa Uingereza kaskazini, walikolipua mashua ya Mountbatten, mjomba wa mumewe Malkia, mwaka 1979. Walikufa wanne, wawili kati yao wavulana wa miaka 14 na 15. Charles, mwana wa Malkia, alikwenda kupaona mwaka 2015.

Nilimuuliza mzee wa kikombe kama hiyo picha ukutani maana yake amesamehe. Akasema hajui habari za kusamehe, ila yule mama alikuja, akainama, akaanza hotuba yake kwa Kiayalandi, sasa unataka afanye nini tena? Kisha akaongeza kwamba Dublin hawajawahi kuinama hata siku moja.

Novemba 2023 nikakaa sebuleni na mwanangu, mzaliwa wa Castlebar, anayecheza timu ya chini ya miaka 12, tukamtazama Mfalme Charles akiwa Mombasa yangu. Fort Jesus ile pale, mji wa kale ule pale. Mtoto akafurahi kuona nyumbani. Siku chache kabla, Nairobi, Mfalme alikuwa ameweka shada la maua Uhuru Gardens na kusema kwamba ukatili waliotendewa Wakenya hauna udhuru, na kwamba anasikitika na kujutia. Neno la kuomba radhi halikutoka. Mitandaoni nyumbani kukawaka moto, na mimi nikawaka pamoja nao. Baadaye nikajiuliza: mbona Malkia naye hakuomba radhi Dublin? Alisema tu kwamba yapo mambo ambayo, tukitazama nyuma, tungependa yangefanywa tofauti au yasingefanywa kabisa. Mbona kule ilitosha na kwetu haikutosha?

Rafiki yangu wa Nakuru anasema jibu ni pesa: Ayalandi ni tajiri, haihitaji chochote kwa Mwingereza, na mwenye njaa hatosheki kwa kuinamiwa. Ana hoja. Wazee 5,228 wa Mau Mau waligawiwa mwaka 2013 kwenye pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili ndani yake. Hizo si pesa za kufuta mtu kuhasiwa kambini. Na askari wa Uingereza hadi leo wanafanya mazoezi Nanyuki, wakati Dublin kambi zilikabidhiwa mwaka 1922.

Lakini mimi naona kuna jingine, na hili tusimsingizie Mwingereza. Mau Mau ilibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi 2003. Miaka 40 baada ya bendera kupanda, chini ya serikali zetu wenyewe, kwa amri iliyowekwa na gavana mkoloni. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wao, ilizinduliwa jijini Nairobi 2007. Viwanja vyetu vikubwa tuliviita kwa majina na kaulimbiu za marais. Mtoto wa Mayo hahitaji kusoma kitabu kumjua Michael Hogan. Anamtaja kila akiulizwa tiketi yake ni ya jukwaa gani. Sisi tulimsubiri Mfalme aje atukumbushe yaliyotupata, na tukamkasirikia alipoyasema nusu.

Nilikwenda shule Mombasa miaka 12 na sikumbuki mwalimu hata mmoja akinitajia Hola. Hola iko Pwani! Ni makao makuu ya kaunti ya Tana River, basi la Garissa linapita karibu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa wa Mau Mau katika kambi ya pale walipigwa marungu kwa kukataa kazi ya lazima, wakafa 11, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema ni maji waliyokunywa. Habari hii nimeijulia Ayalandi, katika maktaba ya Castlebar, siku niliyokuwa nasubiri mvua ikate.

Sijasema kwamba watu hawa ni malaika wa kumbukumbu. Jumamosi nusu ya Castlebar imevaa jezi za Liverpool na Manchester United, sawasawa na Changamwe, na harusi za kifalme wanazitazama kwa biskuti. Kombe la Dunia likija wanashangilia yeyote anayecheza na Uingereza. Tofauti ni Jumapili. Jumapili jezi ya Kiingereza inavuliwa, wanakwenda uwanjani kwao, mvua ikinyesha wanakwenda na mwavuli. Sisi Jumapili Ingwe inacheza mbele ya viti vitupu na vibanda vya mpira vimejaa Arsenal.

Agosti hii naja nyumbani na kijana. Nimempigia baba simu kumpa ratiba: siku tatu Changamwe, kisha Kakamega kwa shangazi, na katikati hapo nataka tupande basi tumpeleke mtoto Hola. Baba anakumbuka kila matokeo ya Mashemeji tangu miaka ya sabini, wafungaji na dakika. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma.

"Hola?" akasema. "Hola kuna nini?"