Kulinganisha dini bila kushangilia

Utotoni kwangu Temeke, mhadhara wa dini ulikuwa kama mechi ya watani wa jadi. Ikifika alasiri spika zinafungwa juu ya mwembe, meza inatandikwa kitambaa, na juu yake inawekwa Biblia iliyochomekwa vikaratasi vya alama kila upande. Mzungumzaji akitaja sura na aya, msaidizi wake anafunua na kusoma kwa sauti. Upande mmoja unapiga takbiri, mwingine unanuna. Siku nyingine uwanja ni wa wale walionuna, na spika ni kubwa zaidi. Jambo hilo liliitwa ulinganisho wa dini. Nilitoka pale nimekariri aya za kumziba mtu mdomo, na sikujua jirani yangu akipiga magoti anatafuta nini.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Chama cha Theosofia, kundi la watu waliotafuta hekima moja nyuma ya dini zote, nilidhani nimepata dawa. Kilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, Kanali Henry Olcott, William Judge na wenzao, kisha makao yakahamia India, mwishowe Adyar, Madras. Kaulimbiu yao inasema hakuna dini iliyo juu ya ukweli, na moja ya malengo yao matatu ni kuhimiza watu wasome dini, falsafa na sayansi kwa kulinganisha. Zama zile wamisionari wengi walimwona Mhindu ni mpagani wa kuokolewa tu. Kuziweka Upanishadi, maandiko matakatifu ya Wahindu, na Injili kwenye meza moja kulitaka moyo. Gandhi alipokuwa akisomea sheria London, ni wanatheosofia wawili waliomwomba asome nao Gita, andiko jingine la Kihindu, naye akaona haya kwamba hajawahi kuisoma.

Hilo nawapa. Ila neno sayansi lina masharti yake, na sharti la kwanza ni useme mapema ni kitu gani kikitokea utakubali umekosea. Wanatheosofia walianza na jibu mkononi: dini zote zimechipuka kwenye hekima moja ya siri. Dini mbili zikifanana, huo ni ushahidi. Zikipingana, basi wafuasi wameisahau maana ya ndani. Dai la namna hiyo halishindwi kamwe, na ndiyo sababu haliniridhishi. Muhadhiri wa Temeke naye hakuwa anashindwa, kwa njia yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Annie Besant na Charles Leadbeater, wanatheosofia mashuhuri. Mwaka 1895 walianza kuzitazama elementi kwa jicho la ndani, bila chombo chochote, na ndani ya haidrojeni wakahesabu chembe 18. Fizikia ikaja kukuta protoni moja na elektroni moja. Unadhani dai lilifutwa? Baadaye wakatokea watetezi waliozipanga upya hesabu zile ili zikubaliane na fizikia mpya.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1885 jumuiya moja ya London iliyochunguza mambo ya nguvu za ajabu ilitoa ripoti ya Richard Hodgson, iliyomwita Blavatsky mlaghai. Mwaka 1986, baada ya miaka mia na moja, jarida la jumuiya hiyohiyo lilichapisha makala ya Vernon Harrison, mtaalamu wa nyaraka za kughushi, iliyoichambua ripoti ile na kuonyesha jinsi ilivyopendelea upande mmoja. Huhitaji kumwamini Blavatsky, mimi simwamini, kuona uzuri wa jambo hilo.

Tena mbinu hii ya kulinganisha dini haikuletwa na Wazungu. Karibu mwaka 1030 al-Biruni, Mwislamu wa Khwarazm huko Asia ya Kati, aliandika kitabu kuhusu Wahindi baada ya kujifunza Kisanskriti na kukaa na wasomi wao. Alisema wazi kwamba kitabu chake si cha mabishano: atayaweka maneno ya Wahindi kama walivyoyasema, na pale panapofaa atayalinganisha na ya Wayunani. Mtu huyuhuyo ndiye aliyepima ukubwa wa dunia kwa kutumia kilima na pembe ya upeo wa macho. Kwake, kupima na kusikiliza vilikuwa kazi moja.

Kwetu, aliyenifundisha zaidi ni John Mbiti, kasisi na mwanazuoni kutoka Ukambani. Mwaka 1969 alidai kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika muda una Zamani ndefu na Sasa, lakini wakati ujao karibu haupo. Alitegemea nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambazo kwa maelezo yake hazivuki miaka miwili mbele. Napenda dai hili kwa sababu linapimika, na kwa maoni yangu ukilisambaza Afrika nzima linayumba. Sisi tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Hizo ni siku nne tu, utaniambia. Basi chukua mnazi. Ile minazi mirefu ya pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi, na babu yangu alipanda mstari mzima akiwa mzee wa mkongojo.

Ila Mbiti ana jibu, na lazima niliandike japo linaniharibia hoja. Mambo yanayofuata mzunguko wa asili, kama jua kuchomoza na mvua kurudi, aliyatenga. Hayo aliyahesabu kuwa hakika, hayamo kwenye ule wakati ujao anaoukana. Huenda mnazi unaingia humo. Huenda pia babu alipanda kwa sababu baba yake alipanda, na iliyoshika jembe siku ile ilikuwa Zamani. Babu mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, kwa hiyo nimeanza kuwauliza wazee wengine wenye mashamba, kila mmoja peke yake, kabla sijamwambia ninachotafuta.