Jumatano Asubuhi, Asilimia 34

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano, ofisi ya wakala wa forodha karibu na Barabara ya Nkrumah. Chini kuna dereva wa lori anangojea karatasi za kontena lake. Juu kuna karani amekaa mbele ya skrini iliyoandika asilimia 34, na onyo kwamba kompyuta isizimwe. Dakika kumi, asilimia 34. Dakika ishirini, asilimia 35. Mwenye ofisi akatoka chumbani kwake akauliza nani kabonyeza nini. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshanipigia simu mimi, fundi wao: njoo uzizime hizi apdeti, kompyuta zote saba, usisaze hata moja.

Nilikwenda, lakini sikuzizima. Tulibishana, na ubishi huo ndio ninaouandika hapa, maana mzee yule hakuwa mjinga, nami sikuwa na majibu yote niliyodhani ninayo.

Hoja yake ilikuwa ya pesa. Kontena likipitisha siku zake za bure bandarini, kila siku ya ziada ina bili yake. Mdukuzi hajawahi kumtoza hata shilingi. Apdeti imeshamtoza, tena zaidi ya mara moja. Sisi mafundi hupenda kumcheka mtu wa namna hii, lakini ukimuuliza fundi mwenyewe ni lini mara ya mwisho alijaribu kiraka, yaani apdeti ya kuziba kasoro, kwenye kompyuta moja kabla ya kukiachia ofisi nzima, utaona anatafuta miwani yake.

Na kuna jambo ambalo saa zetu zenyewe hulizidisha. Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa viraka vyake vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani yao ya magharibi. Kwetu Mombasa hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea msimu wao. Kompyuta iliyoachwa ijiendeshe hupakua usiku, na Jumatano saa mbili tunafungua ofisi na kiraka kipya wakati London bado wamelala. Kama kina kasoro, sisi ni miongoni mwa wa kwanza kuigundua, na hakuna bado aliyeandika dawa yake popote. Tena kuanzia Windows 10, viraka vya mwezi huja vimefungwa fungu moja. Huwezi kuchambua ukachukua hiki ukaacha kile, kama mtu anayechagua embe Marikiti. Ukilitaka fungu unalibeba lote, pamoja na lile bovu.

Mfano wa fungu bovu anaujua kila anayeishi kwa printa. Viraka vya tarehe 9 Machi 2021 vilifanya baadhi ya kompyuta zianguke na kuonyesha skrini ya buluu mtu anapobonyeza kuchapisha tu. Marekebisho yakaanza kutoka tarehe 15. Aliyekuwa na desturi ya kungoja wiki moja alichapisha karatasi zake wala hakusikia lolote. Hapo mzee ana haki yake kamili.

Lakini mwaka huo huo, printa hizo hizo, mambo yakageuka. Mwishoni mwa Juni 2021 maelezo ya jinsi ya kuvamia huduma ya uchapishaji ya Windows yalivuja hadharani, na ufa ule ukapewa jina PrintNightmare. Microsoft hawakusubiri Jumanne yao. Kiraka cha dharura kilianza kutoka tarehe 6 Julai, wiki moja kabla ya zamu ya kawaida. Aliyeshika sheria yake ya kungoja wiki aliacha mlango wazi wiki nzima huku ramani ya kuufikia inasambazwa bure. Kwa hiyo Machi ilimtuza mvumilivu, Julai ikamwadhibu. Anayekwambia kwamba jibu ni moja, haraka siku zote au subira siku zote, ameusahau mmoja kati ya miezi hiyo miwili.

Nilimpa mzee mfano wa vyombo vya bandari ya kale. Jahazi likipandishwa pwani kutiwa kalafati, nyufa zake zizibwe, halibebi mzigo, na nahodha anajua anapoteza safari. Hata hivyo hupandisha. Akanijibu papo hapo: nahodha huchagua mwenyewe siku ya kupandisha, hapandishiwi chombo usiku akiwa amelala. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo kasoro halisi ya Jumatano ile: kiraka chenyewe huenda kilikuwa salama, ila siku na saa vilichaguliwa na watu wasiojua kwamba kuna lori chini.

Basi nikamletea habari za watu wa kazi yake. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kubwa katika njia ambayo kompyuta za Windows hupitishia mafaili. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, mdudu wa kompyuta aitwaye WannaCry alipita katika tundu hilo hilo na kuenea katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Wengi hudhani waliopigwa ni wenye Windows XP ya zamani. Sivyo: sehemu kubwa ilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapewa viraka. Kiraka kilikuwapo. Kilikuwa kimewekwa kwenye foleni ya "baadaye".

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni, akaja mdudu mwingine, NotPetya, akaiangusha Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake mzee huyaona Kilindini kila siku ya Mungu. Baadaye mwenyekiti wao alieleza kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Hasara waliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Nakala ya muhimu kabisa ya orodha ya watumiaji wa mtandao wao ilipatikana Ghana, kwenye seva iliyosalimika kwa sababu stima ilikuwa imepotea wakati wa shambulio. Sijui kisa kingine ambamo stima kupotea kumeokoa biashara.

Mzee alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza: huyo mdudu aliingia vipi? Ikabidi niseme kweli. Aliingia kupitia apdeti. Programu ya mahesabu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc ilivamiwa kiwandani kwake, na wateja wakapokea sumu ndani ya apdeti halali. "Si nilikwambia," akasema, akaegemea kiti chake.

Alikuwa amepata nusu tu. Baada ya kuingia, mdudu yule alienea kwa njia mbili: tundu ambalo lilikuwa na kiraka tangu Machi, na nywila alizoziokota kwenye kompyuta alizokwisha kuziteka. Ndiyo maana hata kompyuta zenye viraka vyote zilianguka pale palipokuwa na jirani mmoja asiye navyo na nywila ya msimamizi inayofanana. Nikainua kibodi ya karani. Chini yake palikuwa na karatasi yenye nywila, na ilikuwa moja kwa kompyuta zote saba. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka, miaka miwili nyuma. Kwa hiyo siku ile tulikuwa wakosaji wawili chumbani.

Sheria pia haiko upande wa kuzima. Ofisi kama ile imejaa nakala za vitambulisho na namba za PIN za kodi za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji wenye hatari kwa wateja ugundulike. Mwenye kompyuta iliyozimwa viraka kwa makusudi atakuwa na maelezo magumu ya kutoa.

Tulichokubaliana si kizuri wala si kibaya sana. Kompyuta mbili za makarani hupokea viraka Jumatano jioni, ofisi ikishafungwa, zikiwa kwenye UPS, betri ya akiba stima ikipotea. Alhamisi asubuhi kitu cha kwanza ni kuchapisha ukurasa mmoja na kuingia kwenye mfumo wa forodha. Zilizobaki hungoja hadi Jumatano inayofuata, kwa kuahirisha kunakoruhusiwa na Windows yenyewe, hivyo siku zikiisha huingia hata fundi akisahau. Cha dharura, kama kile cha Julai 2021, hakingoji: mimi nampigia simu, yeye ananipa saa. Nakala za mafaili hukaa kwenye diski inayochomolewa. Na kila kompyuta ina nywila yake.

Je, inatosha? Haizuii mkosi kama wa tarehe 19 Julai 2024, faili moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5. Hata mashirika yaliyokuwa yamechagua kubaki toleo moja nyuma yalipigwa, kwa sababu faili lile halikupitia foleni ya matoleo. Kwa bahati ofisi ya kompyuta saba haina programu ya bei ile.

Tatizo letu liko kwenye kompyuta ya saba, iliyounganishwa na printa kubwa. Ni ya mtumba, ina Windows 10 ambayo viraka vyake vya bure kwa ofisi vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake ni ya zamani mno kwa Windows 11. Kununua muda kwa Microsoft ni dola 61 mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Mzee anasema bado inachapa vizuri. Tumeitoa kwenye intaneti, na karani hupeleka faili kwa diski ya mkononi, akilalamika kila anaponyanyuka kwenye kiti.