Salfeti inaonewa

Februari mjini Nakuru haina huruma na nywele. Mvua bado, upepo unaanza kuvuma saa nne asubuhi, na vumbi la mitaa ya Kaptembwo na Free Area linaingia hata chini ya kilemba. Wanaosema jina la mji huu lilitoka kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi hawaulizwi ushahidi mwezi huo. Ingia duka la vipodozi ulalamike kwamba nywele zako zimefifia, hazing'ai, hazichaniki. Muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, ile ya chupa za bei, na kukupa jibu ambalo siku hizi limekuwa kama salamu: "Chukua hii, haina salfeti."

Nataka kuitetea salfeti, ile kemikali ya kwenye shampuu inayotoa povu na kuondoa mafuta. Si kwa kila kichwa, na vichwa ninavyovitoa nitavitaja, lakini kesi yake haijawahi kusikizwa vizuri. Tumeambiwa inakausha, inakata, na kuna hata ujumbe wa simu unaozunguka kila baada ya miaka michache kwamba inaleta saratani, dai ambalo halijawahi kupata mguu wa kusimamia. Hakuna anayetuambia kazi yake ni nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa chupa. Mwaka jana, mwezi wa kwanza, nilifumua rasta nilizokaa nazo wiki saba, Krismasi nzima ikiwemo. Kila anayesuka anajua kinachobaki kwenye shina la msuko: ule uchafu wa kijivu, kama pamba ya mfukoni, ambao ukiumwagia maji kabla ya kuuchana unageuka fundo na fundo linaondoka na nywele. Nikachana vizuri. Nikafungua chupa yangu mpya ya shampuu isiyo na salfeti, ya mililita 250 iliyonigharimu shilingi 1,150, nikaosha mara mbili kama ilivyoandikwa. Nywele zilipokauka zilikuwa na rangi ya katani, na wakati huohuo zinanata. Kitana kinaingia, hakitoki.

Kesho yake nikaenda kwa msusi wangu, mama mmoja mwenye kibanda cha mabati karibu na stendi ya matatu. Hakuuliza natumia nini. Alishika unywele mmoja, akaukwangua kwa ukucha kutoka shina hadi ncha, kisha akaniletea ule ukucha machoni. Kulikuwa na utando mweupe, laini, kama uji uliokaukia pembeni mwa sufuria.

"Hii si nywele, mrembo," akasema. "Haya ni mafuta ya Desemba."

Akavuta mtungi wa lita tano wa shampuu ya salfeti kutoka chini ya sinki, akamimina kidogo kwenye chupa kuukuu, akaongeza maji, akatikisa. Mkono wa kwanza haukutoa povu kabisa, kwa sababu mafuta yakiwa mengi hulimeza povu; maji yaliyoshuka yalikuwa ya kijivu. Mkono wa pili povu likaja jeupe. Kisha kondishona, mfuko wa plastiki kichwani, dakika kumi na tano, chanuo la meno mapana kuanzia ncha kupanda juu. Shilingi 300. Nywele zilikuwa nyepesi hivi kwamba nilipotoka nje upepo uleule wa Nakuru ulizipeperusha.

Kuna mambo mawili yanayofanya nywele zipoteze mng'ao, na kosa letu ni kuyatibu kwa dawa moja. Unywele umefunikwa na vigamba vilivyopangwa kama vigae vya paa. Vigae vikilala, mwanga unagonga na kurudi, unywele unang'aa. Jambo la kwanza, basi, ni vigae kuinuka: kwa joto la pasi na draya, dawa ya kulainisha, rangi, sabuni kali, kitana kibaya. Jambo la pili ni vigae kulala vizuri lakini vikapakwa matope. Mafuta ya mgando, jeli ya kulaza kingo, mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, kisha vumbi juu yake, kisha mafuta tena kwa sababu "nywele zimekauka". Hapo unywele haujaharibika. Umefunikwa tu.

(Wala tusidanganyane kuhusu matangazo. Nywele zetu zinajisokota, na kila mpindo unatawanya mwanga upande wake. Nywele za kipilipili zenye afya kamili haziwezi kung'aa kama kioo cha gari jipya, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kichwa cha mtu mwingine.)

Shampuu laini zisizo na salfeti zimetengenezwa kwa kichwa chenye mafuta yake ya asili na jasho kidogo, na hapo zinafanya kazi nzuri. Lakini mwambie mtu aliyepaka mafuta ya mgando kila asubuhi kwa wiki saba aoshe na kitu laini mara moja, na utakuwa umemwambia aoshe sufuria ya nyama kwa maji ya uvuguvugu. Ataona nywele bado zimefifia, atadhani ni kavu, ataongeza mafuta. Nimeona wanawake wakizunguka mzunguko huo mwaka mzima, wakibadilisha chupa na kulaumu nywele walizozaliwa nazo.

Sasa upande wa pili, maana nao una hoja. Mwenye nywele zenye dawa au rangi, vigae vyake tayari vimeinuka, na salfeti itamwongezea ukavu na kuiondoa rangi aliyoilipia. Nywele zilizojisokota hazipati mafuta ya ngozi ya kichwa mpaka kwenye ncha, kwa hiyo ncha zikinyang'anywa kidogo zilicho nacho zinapasuka. Na ngozi zipo zisizoivumilia: salfeti iitwayo sodium lauryl sulfate ndiyo kemikali ambayo madaktari wa ngozi huitumia makusudi wanapotaka kuwasha ngozi katika majaribio yao. Mwenye ukurutu kichwani asinisikilize mimi, asikilize daktari. Tena anayeosha nywele kila siku, baada ya mazoezi kwa mfano, anaosha mara 365 kwa mwaka. Huyo akikimbilia shampuu laini ana akili timamu. Anayefumua kila wiki saba anaosha mara saba au nane. Ushauri wa yule hauwezi kuwa sheria kwa huyu.

Lakini ninayotaka kuishika zaidi ni namba nyingine, kwa sababu ndiyo inayovuruga mjadala huu wote. Ni pH, kile kipimo cha asidi na alkali tulichokariri shuleni. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, unywele wenyewe uko chini zaidi, karibu na 3.7. Kinachouosha kikipanda sana juu ya hapo, unywele unabeba chaji hasi nyingi, nyuzi zinasukumana, vigae vinainuka, zinasuguana. Ndiyo ile hali ya nywele kusimama kama zimeogopa. Mwaka 2014 watafiti wa Brazil walichapisha vipimo vya shampuu 123: pH zilianzia 3.5 zikafika 9.0. Takriban 38 tu katika kila 100 zilikuwa 5.5 au chini yake. Za saluni zilifanya vizuri zaidi, robo tatu zilikuwa hapo.

Hebu tukae na hizo namba kidogo. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Kutoka 5.5 hadi 9.0 si tofauti ya tatu na nusu, ni tofauti ya mara elfu tatu. Chupa mbili zinazosimama bega kwa bega dukani, zote zina picha ya parachichi, zinaweza kuachana kiasi hicho, na msomaji wa lebo asijue, kwa sababu namba hiyo mara nyingi haiandikwi. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni "haina salfeti", na maneno hayo hayasemi lolote kuhusu pH. Kuna shampuu ya salfeti yenye pH 5 na kuna sabuni ya "asili kabisa" yenye pH 10. Kipande cha sabuni, hata cha mwarobaini, hata cha mkaa, hata kile cha asali kinachofungwa kwa kamba ya katani na kuuzwa ghali, ni alkali kwa namna sabuni inavyotengenezwa. Mtu anayeikimbia salfeti akaishia kwenye sabuni ya kipande ametoka mvuani akaingia mtoni.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea karatasi za litmasi, tukajaribu jikoni. Sabuni ya kipande iligeuza karatasi nyekundu kuwa buluu kabla sijamaliza kuichovya. Shampuu ya mtungi haikuigeuza. Chupa ya 1,150 nayo haikuigeuza. Litmasi haitoi namba, lakini kwa swali la nani ni alkali kali na nani si, iliwatenganisha watu wa nyumba moja vizuri sana.

Kuna wanaolaumu maji. Nakuru tunakunywa na kuoga maji ya visima vyenye floraidi nyingi, meno ya kahawia ya watoto wengi ni shahidi, na sasa kuna wauzaji wa vichujio vya bomba la kuogea wanaosema floraidi hiyohiyo ndiyo inayofanya nywele kuwa ngumu. Wamechanganya mambo mawili. Ugumu wa maji unatokana na kalsiamu na magnesiamu, na katika Bonde la Ufa maji yenye floraidi nyingi kwa kawaida huwa na kalsiamu kidogo, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana vinashikana na kujitenga na maji. Maji hayo yanaelekea upande wa alkali, hilo ni kweli, na dawa yake ni kondishona, ambayo kawaida ni ya asidi kidogo. Kichujio kiache dukani.

Mahali ninapowaelewa watu wa chupa kabisa ni kwenye mtungi wenyewe. Nani aliutengeneza? Mjini mtu ananunua Ungerol, ile salfeti nzito kama asali nyeupe, anakoroga na maji, anatia chumvi, rangi na harufu, na jioni ana lita ishirini za shampuu. Chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito. Kwa hiyo yule mteja anayeinamisha mtungi kuona kama shampuu inashuka polepole, ili ajue kama ni kali, anapima chumvi. Mwenye haraka anauza sabuni ya vyombo kwa jina la shampuu, na sabuni hiyo mara nyingi imetengenezwa kwa asidi ya Ufacid iliyopozwa kwa soda kali. Soda ikizidi, una alkali kichwani. Chupa ya dukani yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inakupa angalau mtu wa kumlaumu. Msusi wangu ananunua mtungi wenye lebo na alama hiyo, na ndiyo sababu nakaa kwenye kiti chake.

Na kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ndilo linalolipa: kondishona. Unywele uliolowa una chaji hasi, kondishona ina chaji chanya, inashika hasa pale palipoharibika, inalaza vigae. Baada ya salfeti si hiari. Pesa nyingi ambazo watu wanazitia kwenye shampuu, kitu kinachokaa kichwani dakika mbili na kushuka na maji, zingefaa kwenye mtungi mzuri wa kondishona na kitana cha meno mapana.

Chupa yangu sikuitupa. Nikifumua, mtungi mikono miwili, shampuu ikigusa ngozi ya kichwa na kushuka yenyewe kwenye ncha, kisha kondishona. Wiki nisizosuka, ambapo kichwani hakuna mafuta mengi, naosha na ile ya 1,150. Imebaki nusu, mwaka umeisha.