Kukuza ramani hakuongezi usahihi wake

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anawashauri wakazi wa kandokando ya Hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioko Mombasa, wakague mipaka ya viwanja vyao kwa kukuza ramani kwenye simu, na ushauri huo unanitia wasiwasi mkubwa. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, milimita moja ni sawa na mita 50 za ardhini; kwa hiyo mstari wa pwani wenye unene wa nusu milimita umekwisha kufunika mita 25, nafasi inayotosha kumeza nyumba, ua wake na mikoko iliyo nyuma. Mstari huo ukiingizwa kwenye kompyuta, programu huuhifadhi kama mfuatano wa nukta zisizo na unene wowote, na hata ukikuzwa hadi 1:500 utaonekana mwembamba na wa kuaminika, ilhali shaka ya mita 25 iko palepale. Isitoshe, mstari unaochorwa ni mmoja, na sisi watu wa Mombasa tunajua kwamba maji ya bamvua, yaani ya kujaa sana, hayaishii pale yanapoishia maji mafu, yaani ya kujaa kidogo. Kabla ya yeyote kuambiwa abomoe ukuta, aitwe mpima ardhi aliyesajiliwa, azitafute bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa ardhini, na kuzilinganisha na ramani ya upimaji ya kiwanja chenyewe.